Nimehamisha Kariakoo kwa mita mia tatu

Leo asubuhi nimehamishia maduka ya Kariakoo bonde la Jangwani, na sikunyanyuka kwenye kiti.

Wafanyabiashara wa mtaa wetu waliniomba ramani, kila duka na jina lake. Faili la ramani hiyo lilikuwa la zamani, la wapima ardhi, simu hazilifungui. Nikaandika mistari michache ya programu, nikaligeuza, nikachapa, nikapeleka kikaoni.

Nilichosahau: wapima ardhi wetu wa zamani walianza kuhesabu kutoka alama nyingine, si hii ya simu zetu. Usipoiambia programu tofauti hiyo, kila kitu kinasogea kaskazini mita mia tatu hivi.

Mama Zuhura, muuza vitenge, akalitafuta duka lake kwa kidole.

Kidole kikasimama bondeni, kule maji yanakojaa kila masika.

Kikao kizima kikainamia ramani.

"Kumbe ndiyo mpango," akasema. "Mnatuhamisha."

"Hapana mama, ni hesabu tu."

(Maneno hayo hayajawahi kumtuliza mtu Kariakoo.)

Nikaongeza mstari mmoja kwenye programu, nikachapa ramani upya kwenye duka la jirani. Safari hii duka la Mama Zuhura liko palepale lilipo siku zote. Akaangalia, akaridhika. Nikanyoosha mkono nichukue ile ramani mbovu.

Akaikunja mpaka ikawa ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Hii nabaki nayo, mwanangu. Siku greda likija kubomoa, msije mkasema hamkuwahi kufikiria kutuhamisha."

Wataalamu wa kompyuta mliomo humu, hiyo naifutaje?