Upande Mtupu wa Kaburi la Ewald

Erlenrod ni kijiji cha nyumba arobaini na moja, kanisa moja, na mapazia yasiyotulia madirishani. Kengele za kanisa tulikuwa nazo tatu. Mbili zilichukuliwa wakati wa vita zikayeyushwa, na wazee wakisikia hiyo iliyobaki husema inalia peke yake mno. Shule ilifungwa, duka likafungwa, mwoka mikate akafa na tanuri lake. Kilichobaki ni majina ya nyumba. Ukimtaja mtu kwa ukoo ulioandikwa serikalini, hapa hakuna atakayekuelewa. Mimi ni Heiner wa Posta, kwa kuwa nilisambaza barua miaka thelathini na minane. Na ile nyumba kubwa mkabala na kanisa ni kwa Fundi Viatu, ingawa hakuna aliyeshona hata ndara mle tangu enzi za babu wa babu zao. Ni wafugaji wa ng'ombe, lakini watabaki wa kwa Fundi Viatu mpaka kiama.

Ottilie hakuwa na nyumba, kwa hiyo hakuwa na jina. Alifika mwaka 1946, msichana wa miaka tisa, na mama yake na sanduku moja, baada ya kufukuzwa kwao Bohemia, ng'ambo ya mpaka, vita vilipokwisha, pamoja na Wajerumani wengine wa huko. Wakapewa chumba kimoja juu ya ghala. Walikuwa Wakatoliki, sisi Waprotestanti. Kila Jumapili walitembea kilomita sita kwenda misa, na sisi tukiwachungulia kana kwamba wanakwenda kuiba. Alipokua akapata kazi kituo cha maziwa, pale wafugaji walipoleta madebe yao asubuhi na jioni, ndipo akaitwa Ottilie wa Maziwa. Aliniambia mwenyewe kwamba siku aliyolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alilala na furaha.

Ewald wa kwa Fundi Viatu alimpenda. Simsingizii marehemu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikawaona kwenye dansi ya sikukuu ya kanisa wakicheza nyimbo saba mfululizo, na kwetu nyimbo tatu tu ni posa. Wimbo wa saba haujaisha, mama yake Ewald akasimama katikati ya ukumbi.

"Ewald! Ng'ombe hawajikamui wenyewe. Na huyo binti wa Kikatoliki hana hata pa kufugia kuku. Twende zetu!"

Ewald akaenda. Hapo ndipo ninapomlaumu, na mpaka leo sijamsamehe: alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamume mzima, akafuata mkoba wa mama yake mpaka mlangoni. Mwaka uliofuata alimwoa Marlies, ambaye mashamba ya kwao yalipakana na ya kwa Fundi Viatu. Harusi ilikuwa kubwa. Ottilie ndiye aliyepima krimu ya keki.

Basi kwa miaka kumi na mitatu wakaonana mara mbili kwa siku. Wafugaji wengine walituma wake au watoto. Ewald alileta maziwa mwenyewe, hata siku ya homa, hata siku ya theluji iliyofika magotini. Alitua madebe, Ottilie akapima. "Umeamkaje?" "Salama." Jioni hivyo hivyo. Nilikuwa napita na mfuko wangu wa barua, na nakuapia hawakuongeza neno. Kisha kampuni ya maziwa ikaanza kuleta lori mpaka mazizini, na kituo kikafungwa. Kijiji kizima kilishangilia kwa kuondolewa kazi ya kubeba madebe. Nilimkuta Ottilie siku ile ameketi juu ya mzani na koti lake limefungwa vifungo vyote, hataki kuondoka. Akapata kazi kiwanda cha vifungo mjini. Hakuolewa.

Ewald alianguka shambani kwenye majani makavu mwaka 1993, moyo ukasimama. Wakamzika pale kanisani, kwenye kaburi la watu wawili, kama tunavyowazika walio na wake: upande mmoja wake, upande wa pili ukimsubiri Marlies. Miaka miwili baadaye Marlies akauza ng'ombe, akahamia mjini karibu na binti yake. Kaburi likaota magugu.

Kwetu magugu kaburini ni aibu kuliko kutoka nje bila suruali. Kila Jumamosi utawaona watu na makopo ya kumwagilia, wanapalilia marehemu wao na kukagua wa wenzao. Tulikwisha kuanza kumsema Marlies vibaya. Jumamosi moja tukakuta magugu yameng'olewa. Iliyofuata, maua yamepandwa. Halafu tukamwona Ottilie amepiga magoti pale, anapalilia pande zote mbili, ule wenye mtu na ule mtupu.

"Ottilie anapenda maua," tukaambiana, tukageuzia maneno kwenye hali ya hewa. Tulisema hivyo karibu miaka thelathini. Sisi watu wa Erlenrod tuna midomo mirefu, na ninajua tuliyowatendea yeye na mama yake. Lakini kwa hili hakuna aliyemcheka, wala aliyemuuliza.

Mwaka huu mwezi wa Aprili, Ottilie akaja mlangoni kwangu bila kitambaa kichwani. Ana miaka themanini na sita, na sijawahi kumwona nje bila kitambaa.

"Heiner, wamebandika karatasi ya njano kwenye jiwe lake."

Nikajua. Kaburi kwetu ni la miaka thelathini. Ikiisha, wenye haki waongeze muda, la sivyo jiwe linaondolewa, ardhi inasawazishwa, na nyasi zinapandwa.

"Umekwenda ofisini?"

"Nimekwenda. Kijana akaniuliza mimi ni nani wa marehemu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nampalilia. Akasema kupalilia si udugu. Anataka sahihi ya mjane kwenye karatasi hii, kabla ya mwisho wa mwezi." Akashika fremu ya mlango. "Nikienda kwa Marlies nitamwambia nini, Heiner? Sijawahi kulisema jambo hili kwa mdomo wangu. Hata kwa padri."

"Kwani nani hajui, wewe bibi? Hata paka wa kanisani anajua!"

"Kujua ni kwenu. Kusema ni kwangu."

Nikawasha gari. Njiani alishika sahani ya keki ya plamu aliyooka mwenyewe, ameibana magotini mpaka mjini. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili, nikiogopa. Nilikuwa naomba moyoni Marlies awe amelala, au amesahau kila kitu kama wazee wengine wa ile nyumba ya kutunzia wazee anakoishi siku hizi.

Marlies hakuwa amelala. Alikuwa anacheza karata na vikongwe wawili na anawashinda. Alipotuona akaweka karata kifudifudi.

"Oho! Posta na Maziwa. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," nikasema.

"Basi kaeni. Hiyo keki mnaitazama au mtaikata?"

Wale vikongwe wakaondoka. Ottilie hakukaa. Alisimama na sahani yake mbele ya meza, akasema kwa haraka, "Muda wa kaburi la Ewald umekwisha. Watalivunja. Nimekuja kukuomba uongeze muda. Gharama ni yangu. Nampenda mumeo, Marlies. Sikuwahi kukuibia kitu, lakini nampenda, na sina pengine pa kwenda siku ya Jumamosi."

Nilitazama sakafu. Marlies akamtwalia sahani, akaiweka chini taratibu.

"Miguu itakuuma. Kaa."

Ottilie akakaa.

"Yale maua mekundu ya mwaka juzi yalikuwa mabaya," Marlies akasema. "Binti yangu alinipiga picha. Hayakufaa kabisa na lile jiwe."

"Ya rangi nyingine yalikuwa yamekwisha dukani."

"Ungesubiri. Una haraka gani wewe? Umesubiri miaka yote hiyo." Akakata keki, akaonja, akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri. "Sikia. Mimi kwenye lile kaburi siendi. Nimewaambia watoto wanichome, majivu waniweke msituni chini ya mti. Nimekaa kwa Fundi Viatu miaka thelathini na minne. Inatosha, sitaki kulala mkabala nayo. Nitakuandikia haki yote, pande zote mbili, iwe kwa jina lako. Huo mtupu umeupalilia mwenyewe. Uutumie."

Nilidhani tumemaliza, na machozi yalikwisha kunifika, sioni haya kusema. Nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Nikuulize neno moja," Ottilie akasema. "Ukipenda usinijibu. Aliwahi kunitaja?"

Marlies akafikiri. Akatazama dirishani, kisha akamtazama yeye.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Ottilie akaitikia kwa kichwa, akaanza kukunja kitambaa cha kufutia mikono mara mbili, mara nne, kikawa kidogo mno. Nilitamani kumziba Marlies mdomo. Mtu ana miaka themanini na sita, ungemdanganya tu, ungepungukiwa nini?

"Subiri, sijamaliza," Marlies akasema. "Ewald alikuwa anaongea mezani kila jioni. Wewe unajua alivyokuwa. Nani kanunua trekta, nani kagombana na mchungaji, Heiner kang'atwa na mbwa wa nani. Kijiji kizima kilipita kwenye supu yangu, nyumba kwa nyumba, mpaka ng'ombe wa watu kwa majina. Na ametoka kituo cha maziwa saa hiyo hiyo, ameonana na wewe saa hiyo hiyo. Nikawa nangoja. Nilijua siku atakayosema, 'Ottilie ana mafua,' au 'Ottilie amenunua baiskeli,' hivi hivi tu, kama anavyowasema watu wengine, siku hiyo yatakuwa yamekwisha, na mimi nitapata mume. Nilingoja miaka thelathini na miwili."

Akavuta karatasi ya ofisini, akaomba kalamu yangu.

"Akafa hajakutaja," akasema, akatia sahihi.