Sakafu Niliyoimwaga Mapema

Mwanangu, ipo siku moja ya Novemba nisiyoweza kuisahau hata nikitaka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuo cha ufundi, nikakabidhiwa kusimamia ujenzi wa wodi ya wazazi katika kijiji kimoja huko Chemba. Wodi ya zamani ilikuwa chumba kimoja chenye bati lililotoboka. Nesi Zuhura, aliyekiendesha peke yake, alinipitia kila asubuhi.

"Mvua zitatukuta kwenye jengo jipya?"

"Bila shaka, dada," nilimjibu, bila kuwaza.

Kuta zilikuwa zimesimama. Kazi iliyofuata ilikuwa kulaza mabomba ardhini, kisha zege la sakafu, kisha paa. Gari lililokuwa likileta mabomba kutoka Kongwa likaharibika njiani. Waashi wakakaa siku mbili bila kazi, na mimi siwezi kuvumilia kuona watu wamekaa (ugonjwa huo ninao hadi leo, muulize mama yako). Nikawaamuru wamwage sakafu.

Kiongozi wao akasita. "Na mabomba, bosi?"

"Yatapata pa kupita."

Sakafu ikatoka nzuri mno. Nikaandika kwenye ripoti kwamba tumeokoa siku nne.

Baada ya wiki mabomba yakafika pamoja na fundi wake, Mzee Ndahani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa chini. Alichuchumaa, akalipapasa lile zege.

"Mjukuu wangu, mama akijifungua humu, maji ya kumwoshea yatatokea wapi?"

Nikawaita waashi waje na nyundo. Tukaanza kupasua. Jumatatu mafundi wa paa wakafika kama nilivyowapanga, wakakuta mitaro na vifusi, hakuna pa kusimamisha jukwaa. Walikuwa na kazi nyingine Kolo, wakaenda zao kwa majuma mawili. Mvua haikuwasubiri.

Ilianza Alhamisi mchana. Nesi Zuhura akatoka mbio kwenye chumba cha zamani. Kuna mama ameshikwa na uchungu, alisema, na maji yanamwagikia kitanda. Mimi na Mzee Ndahani tukapanda juu ya bati tukiwa na turubai, tukalikandamiza kwa mikono na magoti, upepo ukilivuta. Tuliyasikia yote. Kila mama yule alipolia, nilijua ni mimi niliyemlaza pale. Saa nzima ilipita kabla mtoto hajalia. Nikalia na mimi, na mzee akajifanya haoni.

Hakunigombeza, mwanangu. Tuliposhuka alichana mfuko wa saruji, akachora kwa penseli paa, sakafu na mabomba, kila kimoja kikingoja kingine. "Kila kazi iulize inamsubiri nani," alisema. "Usiiulize kama mafundi wapo."

Siku iliyofuata nilimwendea Nesi Zuhura kuomba radhi. "Mtoto mzima, mama mzima," akasema. "Haya, kajenge." Tulihamia Januari.

Najua ofisini kwenu hapo mjini mna kompyuta za kupanga ratiba, na bosi wako anataka kuona kazi ikienda. Nami sikulaumu ukibabaika, nilibabaika hivyo hivyo. Lakini kabla hujaanza jambo, jua kwanza lipi sharti liishe ndipo hilo lianze, na nani atakwama ukichelewa. Lililochelewa likiwa ndilo linalosubiriwa na mengine, nguvu zako zipeleke huko. Kalitafute hilo gari lilipoharibikia. Anayefaa kupumzika mwache apumzike. Na fundi akikuuliza swali, simama umsikilize, maana mimi niliulizwa nikapita.

Mungu akupe subira ya kungoja panapostahili kungojwa. Akupe na watu wa kukusahihisha bila kukudhalilisha, na kila utakachojenga kimpokee salama atakayeingia.