Mdimu wa Bibi

Harufu ya ndimu zilizolala juani na chumvi hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu wakiinusa hutokwa na mate. Mimi humwona Mjomba Salim na mafundi wake wamesimama uani kwetu, Mji wa Kale, shoka mkononi.

Ule mdimu aliupanda Bibi, mamake mama, alipoletwa pale bi harusi. Babu alipofariki tukabaki watatu: Bibi, Mama na mimi. Kila msimu tulizipasua ndimu, tukazishindilia chumvi na pilipili, tukapandisha machupa darini, juu ya nyumba, yapigwe na jua. Mtaa mzima ulikula wali kwa achari ya Bibi. Mjomba, mwana wa babu kwa mke wa kwanza, akikaa mtaa wa Tudor. Kwetu alikuja kutoa amri tu.

Siku hiyo alipokuja na mafundi, alitaka kujenga chumba cha kupangisha pale penye mdimu.

"Ngoja japo ziive, mwanangu," Bibi alimwomba.

"Mafundi washafika, Mama."

Ukakatwa. Majani yalinukia ua mzima, na Bibi amechutama akichuma ndimu changa mojamoja, kana kwamba huo nao ni msimu. Achari ilipokuwa tayari, chupa kubwa kuliko zote akatukabidhi mimi na Mama tumpelekee Mjomba. Nililia njia nzima ndani ya tuktuk.

Mjomba alionja palepale, akakunja uso.

"Mbona mwaka huu chungu? Mwambieni atie ndimu mbivu."

"Zingeiva, lau usingeukata!"

Mama alinifinya paja. Sijutii.

Kwa miaka nilimkasirikia Bibi pia. Nilidhani anamwogopa yule mtu. Nilipokua ndipo Mama akaniambia: Bibi alikuwa na fungu lake la urithi katika nyumba ile, Mama naye lake, na Mjomba akijua vyema. Bibi alikwenda kwa kadhi, akaambiwa haki yako ipo, idai. Hakuidai. Nyumba ingeuzwa wagawane, na kwa mafungu yale madogo tusingepata pa kukaa. Akanyamaza ili mimi nipate pa kulala. Miaka yote ile, akiomba ruhusa ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Mjomba yu hai. Huswali safu ya mbele, na watu humsifu kwa wema. Nikikutana naye humwamkia, maana Bibi alinilea hivyo. Ila mkono wake siubusu.