Makali Yanalala Wapi?

Siku ile naikumbuka kwa upepo wake, mwanangu. Upepo wa Makambako unaujua, unagonga mlango kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Lakini kabla sijaifikia siku hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo, maana umeuliza swali fupi na mimi sina jibu fupi. Umenitumia picha tatu kwenye simu, ukaandika: "Shikamoo Baba Mkubwa. Ofisini wamenituma ninunue mashine ya kukatia karatasi. Nichukue ipi?" Marahaba, Tumaini. Sijui kama uliniuliza kwa bahati tu, au ulikuwa unaufikiria mkono wangu na adabu ikakuzuia kuutaja.

Nilikuwa karani kijana katika ofisi moja ndogo pale Makambako. Nilitoka kijijini kwetu Yakobi na cheti changu na suruali moja nzuri. Kila Jumamosi nilipanda gari kurudi nyumbani, kwa sababu Jumapili nilikuwa na kazi niliyoipenda kuliko ile ya mshahara, kupiga tarumbeta usharikani. Nilishika sauti ya kwanza. Huko kwetu mtu akifariki, matarumbeta ndiyo humtoa nyumbani na ndiyo humfikisha kaburini. Mama yangu, bibi yako ambaye hukumkuta, alikuwa ameshaniagiza.

"Siku yangu ikifika usinililie sana," aliniambia, huku akimenya viazi kana kwamba anazungumzia mvua. "Unipigie. Ukilia utakosea sauti."

Nikamwahidi upesi upesi ili anyamaze. Kijana huahidi hivyo, akidhani siku yenyewe iko mbali.

Basi ofisi ikanituma dukani, kama ulivyotumwa wewe. Tulikuwa tunakata karatasi kwa mkasi, na kingo zikitoka zimepinda kama njia ya ng'ombe. Mwenye duka alikuwa Mkinga mmoja mpole, akaniwekea mashine mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ndogo, kisu chake kimefichwa ndani ya kibebeo, unakisukuma juu ya karatasi nacho hakionekani. Nyingine ilikuwa gilotini kubwa, ubao mpana na kisu kirefu chenye mpini, kinang'aa hata unauona uso wako.

"Karani, kwa kazi yenu chukua hii ndogo," alisema. "Haina makuu."

Nikacheka. "Mzee, hii ni ya kukatia karatasi au ya kukatia kitunguu?"

Nilitaka ile kubwa, mwanangu, na sababu yenyewe naiona aibu mpaka leo. Nilipenda mlio wake. Ukishusha mpini ilisema *kacha!* na watu wa chumba cha pili wakainua vichwa. Ilikuja na kinga ya plastiki ya kuzuia vidole visifike kwenye makali. Wiki haikuisha nikaifungua, maana ilinizuia kuingiza bunda nene, nikaifanya rula. Springi ya kuushikilia mpini ilipoanza kulegea, niliwaambia wenzangu kwamba mashine sasa imezoea mkono.

Siku moja mama akaja mjini na debe la viazi, akapita ofisini kunisalimu. "Kamwene," akawasalimu wote, mmoja mmoja, na mimi nikamvuta mkono nimwonyeshe mashine yangu. Nilikata bunda zima mbele yake. *Kacha!* Hakushangaa. Aliutazama mpini niliouacha juu, akauliza, "Hiki kinalala wapi?"

Sikumwelewa, ingawa nilipaswa kumwelewa. Nyumbani kwetu kila chenye makali kilikuwa na mahali pa kulala. Nyengo ya kufyekea, baada ya kazi, ilichomekwa ndani ya nyasi za paa juu ya mlango, makali yameelekea ndani. Kisu cha baba cha kugemea ulanzi, ile pombe ya mianzi, kililala ndani ya kipande cha mwanzi. (Mchungaji alijua habari za ulanzi huo, akanyamaza, naye ni binadamu.) Mtoto akiacha nyengo uani alichapwa hata kama haikumkata mtu. Mama alisema makali yasiyolala humsubiri mtu.

"Mama, hii ni mashine," nilimwambia. "Si nyengo."

"Imekata karatasi au haikukata?" akasema. "Basi ni nyengo." Akajitwika debe lake tupu akaondoka.

Haukupita msimu, nikaletewa habari asubuhi, nikiwa ofisini, kwamba mama amelala na hakuamka. Nakwambia nilisimama tu. Nilisikia baridi, tena mwezi wa saba ule, na kule Makambako unajua vidole vinavyokufa ganzi mpaka hujui kama umeshika kalamu au hukushika. Kilichonijia kichwani ni vikaratasi vya ratiba ya ibada ya mazishi. Nilitaka nimtengenezee mama vizuri, vyenye kingo zilizonyooka. Nikavitoa kwenye fotokopi, viwili kila karatasi, nikavipeleka kwenye gilotini.

Dada mmoja wa ofisini, Yusta, alinishika bega. "Kaka, acha. Mfiwa anakaa. Nenda nyumbani, sisi tutakata, tutavileta."

Ndiyo desturi yetu, nawe umeikuta. Mfiwa hachoti maji, hapiki, hashiki jembe. Watu wengine humfanyia. Nilidhani ni heshima tu, kama kumpisha mtu kiti. Kumbe wazee walijua kwamba mtu mwenye msiba mikono yake iko huku na macho yake yako kwingine. Nikamjibu Yusta kwa ukali, nikasema ni mama yangu mimi, si wenu. Akarudi nyuma. Hasira ya mfiwa nani ataijibu?

Nilikata bunda la kwanza, nikainua mpini, nikauachia. Kipande kilikuwa kimenasa chini, karibu na ukingo. Nikapeleka mkono wa kulia kukivuta. Upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu, nikashtuka nikaigonga meza, na ule mpini, ambao springi yake nilisema imezoea mkono, ukashuka wenyewe.

Sitakusimulia zaidi ya hapo. Kidole cha shahada kilibaki juu ya ubao, na cha kati walikiondoa hospitali. Karatasi za mama zikaharibika zote. Ninachokumbuka ni Yusta akilia huku amenifunga kwa kitenge chake, akiniomba msamaha, yeye ambaye hakuwa na kosa lolote.

Tarumbeta lina vibonyezo vitatu, mwanangu, na vidole vya kuvibonyeza ni hivyo nilivyovikosa pamoja na mwenzao mmoja aliyebaki. Hilo huhitaji kuelezwa, wewe unalipiga.

Siku ya mazishi nilitoka hospitali mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, nikafika Yakobi watu wameshakusanyika. Wapigaji wenzangu walijipanga mbele ya jeneza, na pale mbele kulia, mahali pangu, waliacha nafasi. Hakuna aliyewaambia. Nikaenda nikasimama pale bila chombo. Wakapiga wimbo alioupenda mama, na sauti ya kwanza haikuwepo, zilikuwepo zile za chini tu, kama nyumba iliyoezuliwa paa. Nilitembea hivyo mpaka kaburini. Aliniagiza nisilie nisije nikakosea sauti, na sikuwa na sauti ya kukosea, basi nililia. Udongo nilimtupia kwa mkono wa kushoto.

Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu ni zima. Lakini kila Jumapili matarumbeta yakianza, mkono huu hucheza wenyewe juu ya goti, na vidole visivyokuwepo ndivyo vinavyoniuma zaidi. Hakuna anayeniona ila mke wangu, naye huuwekea mkono wake juu ukatulia.

Sasa picha zako. Hiyo ya kwanza inayong'aa ni ndugu ya ile iliyonila. Iache hapo ilipo. Ya pili sioni kinga, na sioni komeo la kuufunga mpini ukiwa chini, kwa hiyo makali yake hayana kitanda. Chukua ya tatu, yenye kisu kilichofichwa ndani ya kibebeo. Inakata karatasi chache kwa mara moja, na watakucheka kwamba inachelewesha. Waache wacheke. Na kama mkubwa wako atalazimisha kubwa, mwambie muuzaji ainue mpini mbele yako auachie; ukishuka wenyewe, toka dukani. Hakikisha kinga haifunguki kirahisi, kuna ubao wa kuibana karatasi ili usiishike kwa vidole, na chini ina mpira isitembee mezani. Jioni ishushwe, ifungwe. Na siku ukiwa na homa, au hasira, au msiba, mwachie mwenzako akate. Ukiambiwa kaa, mwanangu, kaa.

Ukimaliza yote hayo, muulize muuzaji swali la bibi yako: makali yanalala wapi? Akikosa jibu, usinunue.

Tarumbeta ulilonalo ni langu, unajua. Nilipokupa ulikuwa hujaweza hata kulibeba vizuri, na baba yako alidhani nimechoka kulitunza. Sikuchoka. Nilikuwa natafuta vidole. Mama yangu nilimwahidi nikashindwa. Mimi sikuahidishi chochote, nakuomba tu. Siku yangu ikifika, simama mbele kulia, ile nafasi ijazwe.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo. Akubarikie kazi ya mikono yako, na mikono yenyewe. Vidole vyako vyote kumi vizeeke pamoja nawe.