Nyumba ya Vigingi ya Fundi Kamba

Simu iliita wakati dada yake Fundi Kamba amesimama jikoni, jiko lisilo na ukuta hata mmoja: vigingi na kamba tu juu ya udongo uliosawazishwa. Aliyepiga ni kaka yao wa kwanza, waliyemwita Mkubwa.

"Mdogo wangu, kaa chini."

Hakukaa.

"Kamba hatunaye. Ameanguka kazini, moyo umesimama. Mungu amemchukua."

Dada akatoka kwa kupitia mlangoni, asikanyage kamba, kama marehemu alivyomzoesha. Nje ndiko alikokaa chini.

Kila mtu alimwita Kamba, hata mama yake. Alikuwa fundi mwashi. Mteja akiuliza, "Fundi, itanigharimu kiasi gani?" alijibu, "Bei ya nyumba gani, mzee? Hiyo hata wewe bado huijui." Hakuchora karatasi. Alichomeka vigingi, akavuta kamba kwa ukubwa wa nyumba yenyewe, kisha akakulazimisha uishi humo: ulale chini penye kitanda, ubishe hodi, umkaribishe mgeni. Wapita njia walivunjika mbavu. "Jamani, mzee anaoga hewani!" Lakini chumba kikibana, kilichohamishwa ni kigingi, si ukuta. Mwenye nyumba akisharidhika, ndipo Kamba alipokaa kupiga hesabu ya mawe na saruji.

Kiwanja hiki kilikuwa cha mama yao, aliyeishi chumba cha kupanga ng'ambo ya barabara na kutembelea magongo. Kamba alitaka mama aweze kufika chooni peke yake, bila kumwita mtu. Nyumba yote ilikuwa pale chini, si mahali pengine. Vigingi viking'oka, imekwenda naye.

Ndiyo maana dada alisimama mbele ya vigingi alipomwona Mkubwa anakuja na watu wa turubai.

"Waombolezaji watakaa hapa. Ng'oeni hivyo vijiti."

"Kaka, hiyo ndiyo ramani!"

"Ramani gani? Tutaita fundi mwingine, atupe bei, tujenge."

"Bei ya nini? Nyumba yenyewe nani anaijua?"

"Unaongea kama marehemu."

"Basi mjibu marehemu!"

"Watu wanakuja kulia, wewe unalinda kamba?"

Neno hilo lilimchoma. Mmoja wa wale watu alikwishashika kigingi cha chumbani. Dada akaomba kimoyomoyo, Bwana, nisaidie, maana mimi nimeshindwa.

"Mwacheni," mama alisema. Alikuwa amevuka barabara kwa magongo yake. Akaingia mlangoni, akafika penye kitanda, akageuka kuelekea chooni. Gongo likanasa kwenye kamba.

"Hapa pananibana. Sogeza."

Mkubwa mwenyewe akapiga magoti, akang'oa kigingi. "Hapa, mama?"

"Bado. Kidogo tena. Hapo."

Akapita, akafika, akawageukia. "Sasa mnanitazama nini? Nifungieni mlango!"

Walicheka huku wanalia. Mkubwa akafuta macho, akaagiza turubai lifungwe barabarani.

Ibada ilifanyika huko huko kesho yake. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Mama aliwekewa kiti karibu na jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, akasema, "Nenda na Mungu, mwanangu." Waashi wenzake marehemu wakalibeba. Makaburini wakaliteremsha taratibu. Mkubwa alitupa udongo kwanza, dada akafuata. Wakaimba wimbo mmoja, kaburi likafukiwa, wakamshika mama mkono wakarudi nyumbani.