Bia ya Walburga

Alois alipozikwa, mdogo wake Xaver hakungoja hata maua ya kaburini yanyauke, akamwambia Walburga: "Shemeji, bia si kazi ya mjane. Niachie zamu yako ya kupika."

Mimi, jirani yao, simpendi Xaver, wala sifichi.

Hapa kwetu Oberpfalz, kusini mwa Ujerumani, shayiri huchemshwa kwenye jiko moja la kijiji, kisha kila nyumba hubeba maji hayo matamu kwenda kuyachachusha katika chumba cha chini. Bia ikiwa tayari, unatundika nyota mlangoni na watu wanaingia kunywa. Walburga alijibu mbele ya wote, kwa hasira: "Nikiiharibu bia hii, zamu chukua wewe!"

Neno alilolikumbuka kutoka kwa marehemu lilikuwa moja tu: baridi. Basi akaacha dirisha la chini wazi, theluji ikapeperukia ndani, na hamira ikasinzia kabla ya kumaliza kazi yake. Xaver akashuka, akaonja, akatema. "Umetupikia bia au siagi, shemeji? Imwage."

Alipoondoka, Walburga aliketi nami kwenye ngazi akilia. Ghafla akanishika mkono. "Jirani, unakumbuka nilivyokuwa nikimgombeza Alois kwa ule mnuko wa hamira jikoni? Mnuko huo ulikuja siku za mwisho za kuchacha tu. Alikuwa akifunga dirisha! Alikuwa anaipasha joto kidogo!"

Tukalifunga. Halafu akapanda chumbani, akarudi na mfarishi wa manyoya wa mumewe, ambao hakuwa ameufua tangu msiba, akalifunika nao pipa. Nilitaka kumzuia, nikashindwa.

Povu likarudi polepole. Alionja kila asubuhi, na ladha ya siagi ilipotoweka ndipo akafungua dirisha tena na kuiacha bia ilale kwenye baridi mpaka ikatakata.

Siku nyota ilipotundikwa, nyumba ilifurika. Xaver alikunywa hadi tone la mwisho. Mzee mmoja akainua kikombe: "Hii ndiyo bia ya Alois hasa!"

Watu wakaitikia, wengine machozi yakiwalengalenga. Walburga akaweka sinia mezani kwa kishindo.

"Alois amekufa," alisema. "Hii ni yangu."

Nilimwangalia Xaver, nikingoja upuuzi wake. Akatazama kikombe chake kitupu, akakisukuma mbele.

"Basi nitilie yako, shemeji."