Ombi Limepokelewa

Katika nyumba ya Kanali mstaafu Ernest Mihayo, pale Bigwa chini ya mlima, hakuna aliyefanya jambo bila ruhusa. Jogoo peke yake ndiye aliyewika bila kuomba, na aliishia kwenye sufuria. Alfajiri filimbi ililia barazani, na Paskalia, mke wa Kanali, bibi mwenye wajukuu, aliamka mbio kama kuruta. Watoto wao, Evance na Doreen, walikuwa Dodoma na maisha yao. Kikosi kizima kilichobaki kilikuwa yeye.

Tusimwonee Kanali. Hakuwa mlevi wala mpigaji, na nishani yake ya ushujaa hakuiokota jalalani. Katika Vita vya Kagera, akiwa luteni kijana, alirudi mtoni chini ya risasi akawatoa askari wake waliokwama, mmoja baada ya mwingine, mpaka bega lake likateguka. Hadi leo bega hilo humsumbua nyakati za baridi, na Paskalia ndiye humkanda kwa maji ya moto. Baada ya vita cheo kilipanda. Wakahamia Monduli, wakahamia Songea, wakaja Ngerengere, na kila uhamisho Paskalia ndiye aliyefunga masanduku. Doreen alizaliwa baba yake akiwa mpakani. Doreen huyohuyo aliolewa baba yake akiwa Darfur akilinda amani ya watu wengine. Wake wa maofisa walikuwa na mzaha wao: mke wa kwanza ni jeshi, sisi wengine ni nyumba ndogo. Paskalia alicheka nao, lakini mzaha ule ulimuuma kila aliposikia.

Alidhani mume akistaafu, naye atastaafu. Kumbe kambi ndiyo iliyohamia nyumbani. Geti lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye mkanda wa Kanali. Kwenda sokoni kuliitwa doria, na kwenda jumuiya kuliitwa likizo fupi. Kisha Kanali akaugua kisukari, na hapo ndipo mlango ulipofungwa kabisa, kwani nani mwingine angempimia sukari, nani angempikia ugali wa dona kwa kipimo? "Bila wewe, Mama Evance, mimi ni marehemu," alisema, na alisema kwa mapenzi. Jela yenye mlinzi mkali mtu huweza kuichukia. Hii ya Paskalia mlinzi wake alimwita mpenzi na kumletea parachichi.

Kitu kimoja tu alikitaka. Juu huko Nyandira, mama yake alimwachia shamba: matuta ya ngazi juu ya kijito, udongo mweusi, njegere na maharage, ukungu wa asubuhi unaotua mabegani. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama, na shamba hilo lilikuwa kitu pekee duniani kilichoandikwa Paskalia moyoni mwa watu bila neno Kanali mbele yake. Aliomba akalime, msimu mmoja tu, alale kwenye nyumba ya mama yake.

"Ombi limepokelewa," Kanali alijibu. "Linashughulikiwa."

Vuli ikaja, masika yakaja, ombi likaendelea kushughulikiwa.

Mwaka huu mjomba wake Paskalia, aliyekuwa mndewa, yaani mkuu wa ukoo, alifariki. Bartholomeo, kaka yake Paskalia, ndiye aliyerithi jina na kiti. Kabla ya siku ya kumaliza matanga, Joyce, binti wa mama yake mdogo, ambaye miaka yote ndiye aliyepalilia lile shamba lisigeuke pori, alimpigia simu.

"Dada, nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Kaka atagawa mashamba siku ya matanga. Wazee wamesema shamba ambalo mwenyewe halikanyagi linarudi kwa ukoo. Njoo ushike jembe mwenyewe masika haya, ubaki, wakuone. Ukishuka tena na gari la shemeji, basi tena."

Paskalia alimfikishia mumewe habari hiyo. Kanali alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akasema ombi lake bado liko mezani. Msibani watakwenda, msiba ni wajibu. Wataondoka asubuhi na kurudi jioni.

Usiku ule Paskalia alipanga kapu lake. Juu aliweka mchele wa rambirambi. Chini ya mchele aliweka mabuti yake ya shamba.

Walifika Nyandira ukungu ukianza kuinuka. Kanali alivaa suti nyeusi, nishani kifuani, kama alivyofanya kila alipokwenda mahali penye watu. Watoto waliikodolea macho. Wazee walimpa kiti chenye mto. Hata wazee waliomzidi umri kidogo walimwamkia shikamoo, jambo ambalo kwa mila ni kichekesho, lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu huyu alikuwa Kanali na ndiye aliyewasemea serikalini mpaka zahanati ikapata bati jipya. Nani angesimama kumwambia mwachie mkeo? Bartholomeo mwenyewe, kaka mtu, alimwita shemeji kwa sauti ya mtu anayesimama wima.

Jikoni, nyuma ya nyumba, Joyce alikuwa anamenya ndizi. Alimtazama dada yake, akautoa mchele kapuni, akayaona mabuti.

"Umekuja kubaki," alisema.

"Nimekuja kubaki, ila sina mdomo wa kumwambia."

"Mdomo upo. Wa utani." Joyce aliweka kisu chini. "Mume wako ni Mnyamwezi, au nimesahau?"

Hakusahau. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu za Wanyamwezi walipopita chini ya milima hii na pembe za ndovu vichwani kwenda pwani, wakaiba ndizi na kutukanana na wenyeji hadi wakapendana. Kwenye matanga mtani ana uhuru ambao hata serikali haina. Anaweza kunyakua chochote cha mtani wake, na aliyenyakuliwa haruhusiwi kukasirika. Akikitaka akikomboe, asipokomboa kinabaki. Ndivyo hata wao walivyokutana. Luteni Ernest alimkuta Paskalia akiuza njegere sokoni, akasimama mbele yake na kusema, "Babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani, wakasahau mmoja. Nimekuja kuuchukua." Msichana yule alicheka mpaka njegere zikamwagika. Lakini nyota zilipoongezeka begani, utani ulikufa. Akiwa kapteni, bibi mmoja wa hapahapa alimvua kofia kwa mzaha, naye akasimama kama mlingoti, akanyoosha mkono bila neno mpaka kofia ikarudi. Tangu siku ile Waluguru walimheshimu, na kumheshimu mtani ni kumfukuza.

"Tutakuteka wewe," Joyce alisema. "Mbele ya watu wote. Akitaka kushuka na wewe, akukomboe kwa kile kinachong'aa kifuani. Asipotoa, unabaki, na hakuna atakayesema umemwasi mumeo. Umetekwa, utafanyaje?"

"Na akitoa?" Joyce mwenyewe akauliza.

Paskalia alicheka, kicheko cha kwanza tangu masika yaliyopita. "Kile? Akienda kuoga anakiweka mahali anapokiona. Mimi nimezaa peke yangu kwa ajili ya kile. Hawezi kukitoa, Joyce. Huyu ninamjua."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini nani humkumbuka mhenga wakati anamenya ndizi za uhuru wake?

Ibada ilipokwisha na watu wakala, Kanali alitazama saa, akaaga, akaelekea kwenye gari. Hapo wanawake walitoka nyuma ya nyumba kwa vigelegele. Walimfunga Paskalia khanga kiunoni, wakamkalisha mkekani katikati ya njia, mbele ya gari, wakamzunguka. Joyce alisimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Mtani! Mnyamwezi we, mla ndizi za watu! Umetuchukulia dada yetu, hukumrudisha hata siku moja ashike jembe la mama yake. Leo tumemkamata. Ukimtaka, mkomboe."

Watu walikumbuka ile kofia. Bartholomeo alipiga hatua mbele kuomba radhi, akaghairi.

"Nimkomboe kwa kitu gani?" Kanali aliuliza.

"Kwa hicho kifuani. Chagua, mtani. Kimoja kinashuka, kimoja kinabaki."

Paskalia aliinamisha kichwa, kama mateka anavyopaswa, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mumewe. Aliuona ukipanda kifuani na kuifunika nishani. Vizuri, alijisemea. Ishike. Ishike kama ulivyoishika siku zote. Tayari aliona matuta, tayari aliusikia udongo ukigandamana chini ya mabuti. Na hapohapo, jambo la aibu, kitu kilimchoma: kwamba angeachwa kweli, mbele za watu, kwa kipande cha chuma. Alivumilia. Ilikuwa bei ndogo.

Kanali alimtazama mkewe. Kisha uso wake ukafanya kitu ambacho Paskalia hakuwa amekiona tangu lile soko la njegere. Ulicheka.

"Babu zangu walipita hapa na mizigo kichwani," alisema kwa sauti ya gwaride, "wakasahau mmoja. Mimi sisahau mzigo wangu, Waluguru nyie."

Akaifungua pini, akaiweka nishani kiganjani mwa Joyce.

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, makofi, wazee wakimkumbatia, bibi mmoja akimvuta sikio na yeye akikubali kuvutwa. Mtani amerudi, walisema, Mnyamwezi amefufuka. Wanawake walimwinua Paskalia wakimpongeza: dada, unapendwa, haki ya Mungu unapendwa. Joyce peke yake hakupiga kigelegele. Alisimama na nishani mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Mateka aliyekombolewa huondoka. Angesema nini? Kwamba hakutaka kukombolewa? Maisha yake yote ya ndoa alisubiri mtu huyu amchague yeye kuliko jeshi, na alikuwa amemchagua, leo, siku pekee aliyoomba asichaguliwe. Alimpenda saa ile kwa pendo lililompata kama ugonjwa, na hakuwahi kumchukia zaidi.

Kabla hawajapanda gari, Bartholomeo alisimama kugawa mashamba, na aliongea Kiluguru, kama mndewa anavyopaswa. Alisema la marehemu mama yao, lile la juu ya kijito, limekwenda kwa Joyce, kwa kuwa ndiye anayelikanyaga. Wazee waliitikia. Kanali, ambaye miaka yote ya ndoa hakujifunza hata neno la Kiluguru zaidi ya salamu, alipiga makofi na wengine, akitabasamu, akimshika mkewe bega.

Walishuka. Kanali aliendesha mwenyewe, taratibu kwenye kona, huku akiimba wimbo wa kwao Unyamwezi ambao Paskalia alidhani amekwisha kuusahau. Koti lake lilikuwa na matundu mawili madogo mahali pini ilipokaa, na kila mara aliyagusa, akacheka peke yake.

"Umeona nyuso zao?" alisema. "Ulidhani nitakuacha?"

"Nilidhani."

"Hunijui, Mama Evance."

"Sikujui, Baba Evance," alisema, na lilikuwa neno la kweli.

Kapu lilikuwa miguuni pake. Mchele ulikuwa umebaki mlimani, kwa hiyo mabuti yalionekana wazi, lakini Kanali alikuwa anatazama barabara. Walipofika Bigwa alishuka akafungua geti, akaingiza gari, akarudi kulifunga, akaning'iniza ufunguo kwenye mkanda. Kisha akaja mpaka dirishani kwa mkewe, uso umemng'aa kama wa luteni.

"Nimefikiria njiani," alisema. "Kuanzia kesho hakuna filimbi. Halafu lile ombi lako la kwenda kulima shamba la mama. Nimelipitisha. Masika yajayo utakwenda."

Paskalia alimtazama. Angeweza kumwambia, lakini angelazimika kumweleza alichokipigia makofi kule mlimani.

"Asante," alisema, akashuka na kapu lake kwenda kumpikia dona.